Ribiti na Bolti kwa Gari la Faibaglasi



Fundi mmoja wa tawi la karakana ametuletea swali ambalo tumeona tulijibu hapa ukurasani, maana linawahusu wengi kuliko yeye peke yake. Ameletewa gari la spoti la Kimarekani, Chevrolet Corvette la mwaka 1971, ambalo bodi yake si ya bati bali ni ya faibaglasi. Pua ya gari imepasuka, mlango wa kushoto umelegea, na kiti cha dereva kinacheza. Msimamizi wake amempa pakiti moja ya ribiti za chuma, zile zile wanazofungia mabati ya matrela, akamwambia kazi iwe tayari Ijumaa. Fundi anauliza: Je, ribiti hizi zafaa? Na kama hazifai, nitamweleza vipi mtu ambaye hataki kununua nyingine?

Jibu la swali la kwanza ni fupi: hazifai. La pili lahitaji nafasi zaidi, kwa sababu msimamizi asiyetaka kutoa fedha haridhiki na neno "hazifai" peke yake. Anataka kuonyeshwa. Basi na tuonyeshe.

Na wewe unayefanya kazi katika shamba la chai au kiwanda cha sukari usigeuze ukurasa ukidhani kwamba haya ni mambo ya matajiri. Faibaglasi iko kwako pia. Tangi la maji, boti ya kuvulia, kikingio cha mashine, pua ya lori jipya, vyote hivyo huweza kuwa vya faibaglasi, na kanuni za kuvifunga ni zile zile. Tena wazee wetu waliosimama kando ya barabara za Kenya kutazama Safari Rally ya mwaka 1975 wameiona kwa macho yao. Mwitaliano Sandro Munari alishika nafasi ya pili kwa gari la Lancia Stratos, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Stratos lilikuwa na kiini cha chuma katikati, anapokaa dereva, lakini pua na mkia wake, vilivyofunguka kama mdomo wa mamba, vilikuwa vya faibaglasi. Vilipita katika mawe na tope lile lile lililokuwa likivunja magari ya chuma.

Faibaglasi ni nini hasa? Ni nyuzi nyembamba za kioo, zilizotandazwa kama mkeka au kufumwa kama kitambaa, kisha zikaloweshwa resini, ambayo ni aina ya plastiki ya majimaji inayoganda ikichanganywa na dawa yake. Nyuzi ndizo zenye nguvu ya kuvutwa. Resini kazi yake ni kuzishika pamoja. Ni kama nyumba ya fito na udongo: udongo peke yake utabomoka, na fito peke yake zitayumba.

Sasa tofauti na chuma iko hapa. Bati likitobolewa, likafungwa ribiti na kuvutwa kwa nguvu, chuma kilicho kando ya tundu hunyumbuka kidogo. Kikinyumbuka, sehemu ya mzigo huhamia kwenye ribiti ya jirani, na ya jirani hugawana na ya tatu, mpaka mstari mzima unabeba. Faibaglasi haina uungwana huo. Huvumilia, huvumilia, halafu resini inapasuka, nyuzi zinaachana, na tundu lililokuwa la mviringo linakuwa refu kama yai. Ribiti ya kwanza ikilegea, mzigo wake wote huiangukia ya pili, nayo hupasua mahali pake, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari.

Mimi nililijua jambo hili kwa aibu. Nilipokuwa mwanagenzi katika karakana moja tuliletewa gari dogo la spoti ambalo kifuniko chake cha nyuma kilikuwa cha faibaglasi na bawaba zake zimeng'oka. Nilipewa ribiti ndogo za milimita 3.2, nikazipanga nyingi nyingi kwa ukaribu, tena pembeni kabisa, upana wa ukucha tu kutoka ukingoni, nikidhani kwamba wingi wao ndio nguvu. Nilisifiwa kwa mstari ulionyooka. Baada ya wiki mbili kifuniko kile kilichanika kwenye mstari wangu kama karatasi ya stempu, kikaruka barabarani mbele ya mchuuzi wa maziwa aliyekuwa juu ya baiskeli. Aliingia mtaroni akavunjika mtulinga. Tulipoichunguza ile bawaba, ribiti zote zilikuwa nzima. Hata moja haikuvunjika. Kila moja ilikuwa imeshika kipande chake kidogo cha faibaglasi chini ya kichwa, kama sarafu.

Kwa hiyo, ndugu fundi, unapochagua ribiti ya kazi hii usianze kwa kuuliza ribiti ina nguvu kiasi gani. Karibu kila ribiti ina nguvu kuliko ukuta ule. Uliza itaukandamiza ukuta kwa eneo kubwa kiasi gani, na itaupanua kwa nguvu kiasi gani wakati wa kufungwa.

Hapo ndipo ribiti ya chuma inaposhindwa. Ribiti ya kuvuta, ile inayofungwa kwa koleo lake kutoka upande mmoja, ina msumari ndani yake. Unapovuta, kichwa cha msumari huingia katika mwili wa ribiti na kuufanya uvimbe upande wa nyuma, kisha msumari unakatika. Lakini mwili hauvimbi nyuma tu. Hutanuka hata ndani ya tundu. Ribiti ya chuma huhitaji nguvu kubwa ili ivimbe, na nguvu hiyo yote huegemea kuta za tundu. Katika bati la trela haina neno. Katika faibaglasi utasikia mlio mdogo, tik, na huo ni ufa wa kwanza. Utaupaka rangi juu na hutauona, ila utauona mvua zikija. Tena chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo kabla yake. Kwa hiyo ribiti hiyo itaendelea kuvimba ndani ya tundu hata wewe ukiwa umelala.

Ribiti inayofaa ni ya alumini laini, yenye kichwa kipana. Katika maduka ya vifaa, ribiti ya milimita 4.8 ya kawaida huwa na kichwa cha karibu milimita 9.5. Ziko pia za unene huo huo zenye kichwa cha milimita 14 au 16. Chukua hizo. Wengine husema ni sura mbaya. Basi waziweke mahali pasipoonekana. Upande wa nyuma nako, ambako ribiti huvimba, weka washa ya alumini ili uvimbe uikandamize washa na si nyuzi. Ikiwa mkono haufiki nyuma kuweka washa, iko ribiti nyingine ambayo mwili wake una mikato. Ukiivuta huchanua nyuma kama ua, petali 3 au 4, na kila petali hulala juu ya ukuta na kugawa mzigo. Hiyo ilibuniwa kwa ajili ya vitu laini na vyepesi kupasuka. Haipatikani kila duka, lakini ukiipata inunue hata kama bei yake ni kubwa.

Angalia pia msumari wa ndani. Ribiti nyingi za alumini zina msumari wa chuma, na mabaki yake hubaki ndani ya mwili. Mahali pa maji, hasa pwani, mabaki hayo hutoa kutu inayotiririka na kuchafua rangi. Chagua yenye msumari wa alumini pia.

Ribiti ya kichwa cha kuzama, inayotaka tundu lichongwe kama faneli ili kichwa kilingane na uso, iache kabisa. Ukichonga umekata tabaka za juu za nyuzi, na kile kichwa kinakaa kama kabari.

Urefu wa ribiti hupimwa hivi. Tuseme ukuta ni milimita 3, kipande cha nyuma milimita 3, na washa milimita 1.5. Jumla ni 7.5. Mwili wa ribiti lazima upite jumla hiyo kwa unene wake mara moja hadi mara moja na nusu. Basi kwa ribiti ya 4.8 tafuta yenye mwili wa milimita 13 au 14. Pakiti nzuri huandikwa unene inaoweza kushika, soma hapo kwanza. Fupi mno haivimbi vizuri, na ndefu mno hukunjamana nyuma na kubaki ikicheza. Tundu lake litoboe kwa ncha ya milimita 4.9. Kutoka ukingoni hesabu unene wa ribiti mara 3 au zaidi, yaani kwa 4.8 usisogee karibu kuliko milimita 15. Kati ya ribiti na ribiti acha nafasi kubwa zaidi ya hiyo. Laiti mtu angeniambia hesabu hii siku ile ya kifuniko.

Ila kuna jambo moja kubwa kuliko yote hayo, nalo tutalijifunza kwa wafanyakazi waliolitengeneza gari lenyewe. Corvette za kwanza, magari 300 tu, ziliundwa kwa mikono katika mji wa Flint, Michigan, mwaka 1953. Mwishoni mwa mwaka huo kazi ilihamia St. Louis, ikabaki huko mpaka mwaka 1981 ilipohamishiwa Bowling Green, Kentucky. Gari la fundi wetu basi ni la St. Louis, kazi ya wanachama wa UAW, chama cha wafanyakazi wa magari cha Marekani. Wafanyakazi wale hawakuwa na bodi ya kipande kimoja. Waliunganisha vipande vingi, na nyuma ya kila kiungo waliweka ukanda wa faibaglasi uliopakwa gundi. Ribiti za alumini zilitumika kushika vipande mahali pake wakati gundi ikikauka. Hapo ndipo siri ilipo. Ribiti ilikuwa kibarua wa siku moja. Gundi ndiyo iliyoajiriwa kwa kudumu.

Gundi hushika eneo lote la ukanda, sentimita kwa sentimita. Ribiti hushika nukta. Ukifunga kiungo cha bodi kwa ribiti bila gundi, umemwachia kibarua kazi ya kiwanda kizima, na sote tunajua hayo huishia wapi.

Turudi kwenye ile pua iliyopasuka. Hatua ya kwanza ni kutafuta mwisho wa ufa, ambao kwa kawaida huwa mbali kuliko unavyoonekana. Saga rangi uone. Toboa tundu dogo mwishoni kabisa ili ufa usiendelee. Kisha saga kingo za ufa kwa mteremko mrefu: kwa ukuta wa milimita 3, mteremko uwe karibu milimita 36, yaani unene mara 12. Vijana hawapendi kipimo hiki, huona wanaharibu bodi nzima kwa ajili ya ufa mdogo. Lakini resini mpya haishiki ukingo uliosimama. Hushika uso mpana. Nyuma ya ufa saga mpaka rangi na uchafu viishe, futa kwa asetoni, kisha gundisha ukanda wa faibaglasi kwa epoksi. Sasa ndipo ribiti zinapoingia: chache, za alumini, za kushikilia tu. Wengine hutumia skrubu zenye kipande cha ubao chini yake, na mimi napendelea hivyo, kwa maana epoksi ikikauka skrubu hutoka kwa urahisi. Ukitumia ribiti, zitoe vilevile mahali panapoonekana. Kichwa cha ribiti kikizikwa chini ya puti na rangi kitajitokeza siku moja. Mwenye gari atakileta akikuonyesha nukta zilizojipanga juani kama vipele. Matundu yaliyobaki yachonge kidogo pande zote mbili na uyajaze nyuzi na resini, si puti peke yake. Halafu jaza ule mteremko kwa tabaka za kitambaa cha kioo, moja baada ya nyingine.

Msimamizi atauliza kwa nini usitumie resini ya bei rahisi kila mahali. Mwambie kwamba resini ya kawaida ya poliesta hushika vizuri inapokuwa bado mbichi juu ya mbichi, lakini juu ya faibaglasi iliyoganda miaka 50 iliyopita epoksi hushika zaidi. Na kama lingekuwa gari la mwaka 1973 au baadaye ningesisitiza zaidi, kwa kuwa vipande vyake vilitengenezwa kwa njia nyingine ya kukandamizwa katika kalibu ya moto, na ncha ya pua ikawa ya plastiki laini ambayo haitengenezwi kwa namna hii kabisa.

Mlango uliolegea usiuguse kwa ribiti. Tangu mwaka 1963 Corvette ilikuwa na kizimba cha chuma ndani ya faibaglasi, kuzunguka kioo cha mbele na milango, na bawaba hufungwa kwenye nguzo ya kizimba hicho. Mlango ukishuka, tazama pini za bawaba kama zimelika, kisha ondoa pambo la ndani utazame nguzo yenyewe kama imeliwa na kutu. Bodi ya nje haishiki kutu, kwa hiyo watu husahau kwamba chuma kimo ndani. Nguzo iliyooza hutengenezwa kwa chuma na kuchomelewa, kazi ya fundi wa kuchomelea, si kwa kuongeza ribiti juu ya uozo.

Na tukija kwenye kiti, hapo hatuna mzaha. Sakafu ya gari hili nayo ni ya faibaglasi. Kiti hubeba mtu, na gari likigonga, uzito wa mtu huyo huwa mara nyingi zaidi. Ribiti ya kuvuta, iwe ya alumini au ya chuma, ya kichwa kipana au chembamba, haiwekwi kwenye kiti, wala kwenye mkanda wa kiti, wala kwenye usukani. Hapo ni bolti inayopita upande wa pili, na chini ya sakafu bamba la chuma lenye upana wa kiganja, kingo zake zimepigwa tupa zisiwe kali na pembe zake zimeviringishwa ili zisikate nyuzi. Washa ndogo iliyokuja na bolti haitoshi. Itazama katika sakafu kama kisigino katika tope.

Bolti yenyewe isomwe kichwani. Bolti za milimita zenye nguvu ya kutosha huandikwa 8.8 au zaidi. Za inchi za Kimarekani hazina tarakimu bali mistari: mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Bolti isiyo na alama yoyote ifungie meza. Bolti ya mkanda wa kiti kwa magari mengi ya Marekani na Uingereza ni ya inchi 7/16 yenye hesi 20 kwa inchi. Mtu akikuletea ya milimita 11 akisema ni karibu sawa, mrudishie. Hesi zake hazilingani, na hesi zilizolazimishwa huachia siku ya ajali.

Kuna ugumu mwingine wa bolti katika faibaglasi: ukikaza sana unaiponda, na ukikaza kidogo inacheza. Tena hata ukikaza sawasawa, resini husinyaa polepole chini ya mkandamizo, na baada ya muda bolti inalegea bila mtu kuigusa. Waingereza wa Lotus walilitatua jambo hili vizuri katika gari la Elan lililotoka mwaka 1962. Gari lile lina uti wa mgongo wa chuma na bodi ya faibaglasi juu yake. Mahali pa kufungia walizika ndani ya faibaglasi vipande vya chuma vya mviringo, mfano wa kigurudumu cha uzi wa cherehani, vyenye tundu katikati. Bolti hukaza chuma kwa chuma, na ukingo mpana wa kile kigurudumu ndio unaogawa mzigo kwenye nyuzi. Katika karakana yetu tunaweza kuiga kwa kipande cha bomba la chuma: kata urefu ulio sawa na unene wa ukuta, kigundishe kwa epoksi ndani ya tundu, weka washa pana pande zote mbili, kisha kaza. Bomba ndilo litakalobeba mkazo. Juu yake weka nati yenye pete ya plastiki ndani, isiyolegea kwa mtetemo. Nati hiyo usiifungue na kuifunga mara nyingi. Pete ikichakaa ni nati ya kawaida tu.

Skrubu za kujikata zenyewe, zile za kuingia moja kwa moja katika bati, hazina maisha katika faibaglasi. Hesi zake husaga resini kuwa unga. Mara ya kwanza hukaza, mara ya pili hukaza kidogo, mara ya tatu huzunguka bure. Kwa taa na vipambo tumia klipu ya bati yenye hesi inayovaa ukingoni, au skrubu ndogo yenye nati nyuma.

Kuhusu kuchanganya metali, ni hivi. Alumini ikigusana na chuma mahali penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayolika. Faibaglasi yenyewe haipitishi umeme, kwa hiyo haiidhuru ribiti. Lakini penye ribiti ya alumini juu ya kizimba cha chuma paka rangi ya kuzuia kutu na gundi kati yao. Wenye boti wanalijua hili kuliko sisi. Na bodi za siku hizi zilizofumwa kwa nyuzi nyeusi za kaboni si kitu kimoja na hii, hata kama zinafanana ukiwa mbali: kaboni hupitisha umeme na huila alumini upesi.

Kuna ribiti nyingine katika gari hili ambazo fundi atakutana nazo, nazo zisimchanganye. Viungo vya mpira vya magurudumu ya mbele vilifungwa kiwandani kwa ribiti nene za chuma zilizogongwa. Ukizitoa, vipya huja na bolti zake ngumu. Funga hizo, wala usitafute ribiti ya kuvuta ya kujaza tundu lile. Diski za breki nazo ziliribitiwa kwenye habu. Na hapo kwenye breki usipulize vumbi kwa upepo wa kompresa: breki za zamani zilikuwa na asbesto. Lowesha kwanza, kisha futa kwa kitambaa na ukitupe kikiwa kibichi. Kibati chenye nambari ya gari kinachoonekana kupitia kioo cha mbele nacho kimefungwa kwa ribiti za namna yake. Usiziguse, hata kama unapaka rangi. Ukizitoboa, utaulizwa na polisi si kuhusu ribiti bali kuhusu wizi.

Sasa neno juu ya mapafu na macho, maana mara nyingi pakiti hununuliwa na kinga haikununuliwa. Kutoboa na kusaga faibaglasi hutoa vumbi la kioo linalowasha ngozi na kuingia kifuani. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi; panatakiwa kinyago cha kuchuja vumbi, miwani iliyofunika pande zote, na mikono mirefu iliyofungwa kwenye vifundo. Toboa taratibu kwa ncha kali, bandika utepe wa karatasi juu ya alama, weka ubao nyuma ili tabaka la mwisho lisichanike. Ukimaliza, oga kwa maji baridi kwanza, bila kusugua. Resini ya poliesta inatoa mvuke wa staireni, na mwaka 1978 au 1985 tuliambiwa kwamba ni harufu tu. Mwaka 2018 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, waliiweka staireni katika kundi la vitu ambavyo huenda kwa uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo fanyeni kazi hiyo mahali penye upepo, na kinyago cha mvuke si kile cha vumbi. Dawa ya kugandisha ikiruka jichoni huweza kupofusha: osha papo hapo kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali. Maji hayo yawepo kabla chupa haijafunguliwa.

Basi ndugu yetu atamweleza nini msimamizi? Asibishane kwa maneno. Achukue kipande chakavu cha faibaglasi, atoboe matundu mawili, moja alifunge ribiti ya trela na la pili alifunge ribiti ya alumini yenye kichwa kipana na washa nyuma. Aning'inize vyote kwenye jiliwa na kuvuta kwa koleo mbele ya msimamizi. Haichukui dakika tano.

Kisha aandike kwenye kadi ya kazi, kwa kalamu ya wino na tarehe: pua, epoksi na ukanda, ribiti za alumini za kushikilia tu, mlango, nguzo ya chuma ichunguzwe, kiti na mkanda, bolti zenye alama na bamba chini ya sakafu, ribiti zimekataliwa na fundi. Atie sahihi, na nakala moja impitie katibu wa tawi. Likitolewa gari bila bamba, jina lililo kwenye kadi lisiwe lake. Na mwenye gari aambiwe arudi baada ya kilomita 500, bolti za kiti zikazwe tena.